Jipu la kifandugu: kinachoamua kupona ni mahali mshono unapokaa

Kwenye simu za watu wa Arusha na Moshi yanazunguka matangazo ya kliniki, mengine ya Dar es Salaam na Nairobi, mengine ya India, yanayoahidi kumaliza majipu ya makalioni kwa leza, bila kisu na bila maumivu, mtu akarudi kazini kesho yake. Matangazo hayo yamezaa ubishi ulioegemea pabaya. Wapo wanaosema leza ndiyo tiba ya kisasa na kisu kimepitwa na wakati. Wapo wanaojibu kwamba leza ni biashara tu, jipu sugu halitoki mpaka likatwe lote hadi karibu na mfupa. Pande zote mbili zinabishania chombo, na kwa ugonjwa huu chombo ni jambo la pili. La kwanza ni umbo la mfereji ulio kati ya makalio, na mahali kovu litakapokaa baada ya tiba. Mshono ukiachwa katikati ya mfereji huo, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mkubwa. Ukihamishiwa pembeni, na mfereji wenyewe ukapunguzwa kina, wengi hupona moja kwa moja.

Hospitalini ugonjwa huu huitwa pilonidali. Hutokea juu ya kifandugu, mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo, sentimita 4 hadi 8 hivi kutoka tundu la haja kubwa, kwenye mstari wa katikati kabisa wa mfereji wa makalio. Nywele zilizokatika, ziwe za kichwani, za mgongoni au za hapo hapo, huteremka na kukusanyika ndani ya mfereji. Unywele una magamba madogo yanayoelekea upande mmoja, kwa hiyo kila makalio yanaposuguana husogea mbele tu, haurudi nyuma. Ngozi ya pale imelowa jasho, haipati hewa, na huvutwa kila mtu anapokaa na kuinuka. Vinyweleo vyake hutanuka vikawa vitundu, unywele ukazama. Ukishapita chini ya ngozi, mwili huuona kuwa kitu kigeni. Hapo hujengeka kifuko chenye nywele na nyama laini inayovuja damu kwa urahisi, na bakteria wakistawi ndani yake linakuja jipu. Usaha nao hutafuta pa kutokea, mara nyingi juu zaidi na pembeni kidogo, kushoto au kulia. Ndiyo maana mgonjwa huonyesha tundu la pembeni linalotoa usaha, wakati mlango wenyewe wa ugonjwa ni vile vitundu vidogo vya katikati ambavyo wala havimuumi. Anayetibu tundu la pembeni na kuviacha vya katikati ameuacha ugonjwa ulivyokuwa.

Wanaoupata zaidi ni vijana, kuanzia balehe hadi miaka 40 hivi, na wanaume kuliko wanawake. Vitabu vya upasuaji vimezoea kusema kwamba ni nadra kwa Waafrika, na kauli hiyo ina madhara yake, kwa sababu mtoa huduma anayeamini ugonjwa haupo kwetu hautafuti. Mgonjwa hupewa dawa za bawasiri, kisha za fungasi, kisha dozi ya tatu ya antibayotiki. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba ndani ya njia ya haja kubwa au pembezoni mwake. Haitoboi ngozi ya juu ya kifandugu hata siku moja. Fistula ya njia ya haja kubwa, yaani kijia kisicho cha kawaida kati ya njia hiyo na ngozi, hutoa usaha karibu na tundu lenyewe na kijia chake huelekea ndani, ilhali kijia cha pilonidali kwa kawaida huelekea juu, upande wa mgongo. Mwenye majipu ya namna hiyo kwapani na kinenani pia, huenda ana ugonjwa mwingine wa vinyweleo unaoitwa hidradenaitisi, na tiba yake ni nyingine. Kifua kikuu nacho kinaweza kutoboa ngozi ya eneo hili, kwa hiyo mtu anayekonda, mwenye homa za jioni na tundu lisilo na nywele, apimwe TB kabla ya kukatwa. Kuutambua ugonjwa hakuhitaji mashine. Inatosha taa nzuri, mgonjwa kulala kifudifudi, na makalio kutenganishwa vizuri kwa mikono miwili. Kinachohitajika zaidi ni faragha. Binti wa sekondari hatavua nguo kwenye chumba ambacho mlango unafunguliwa kila dakika, na kwa aibu hiyo ugonjwa mdogo huachwa ukawa mkubwa.

Katika mji wa madereva wa utalii, wengi huamini kwamba ugonjwa huu unaletwa na mitikisiko ya gari. Imani hiyo ina historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, makumi ya maelfu ya askari wa Marekani walilazwa kwa ugonjwa huu, na mwaka 1944 daktari Louis Buie aliuandika kama ugonjwa wa jeep, akiuhusisha na magari ya kijeshi yaliyoruka kwenye barabara mbovu. Kukaa kwa saa nyingi, jasho na mtikisiko kweli huusukuma unywele, na anayeendesha Land Cruiser kutoka Arusha hadi Serengeti na kurudi, au bodaboda kutwa nzima, hupata vyote vitatu. Lakini gari peke yake halitoboi ngozi. Asiye na mfereji wenye kina na asiye na nywele zilizonasa humo ataendesha maisha yake yote asiugue, na mwanafunzi asiyewahi kushika usukani anaweza kuugua vibaya.

Kwa muda mrefu madaktari wenyewe walidhani mtu huzaliwa na kifuko hicho, kwamba ni kasoro iliyobaki tangu mtoto akiumbwa tumboni. Dhana hiyo ndiyo iliyozaa upasuaji mkubwa: kama ni kifuko cha kuzaliwa, basi kitolewe chote, pamoja na nyama nzima hadi utando unaofunika mfupa. Katika miaka ya 1940 madaktari Patey na Scarff wa Uingereza walionyesha ugonjwa huo huo katikati ya vidole vya kinyozi, mahali ambapo hakuna mtoto anayezaliwa na kifuko cha nywele. Swali lililofuata lilikuwa zito kwa wapasuaji: kama nyama yote ilishatolewa, ugonjwa unarudi kutoka wapi? Jibu ni kwamba unatoka nje, si ndani. Nywele mpya huingia kwenye kovu jipya. Watafiti wa Ujerumani walipozichunguza kwa hadubini nywele zilizotolewa kwenye vifuko hivi, walikuta nyingi ni vipande vifupi visivyo na mzizi, vyenye ncha kali iliyokatwa, vinavyofanana na nywele za kisogoni. Kwa hiyo ushauri wa kuoga na kusugua mgongo siku hiyo hiyo baada ya kutoka kwa kinyozi una msingi wake.

Kutoka hapo tiba inafuata mantiki moja, ingawa hatua zake hutegemea hali ya mgonjwa. Mwenye vitundu tu, bila maumivu wala usaha, hahitaji kupasuliwa. Adhibiti nywele, aoshe mfereji na kuukausha, basi. Mwenye jipu lililoiva anahitaji litobolewe siku hiyo. Antibayotiki peke yake haziingii kwenye usaha uliofungiwa. Mkato uwekwe pembeni, sentimita 1 hadi 2 nje ya mstari wa katikati, uwe mrefu wa kutosha usije ukajifunga mapema, usaha na nywele zitolewe, kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali na kiachwe wazi. Makosa ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza ni kukata katikati kabisa, pale pale ambapo ngozi haiponi. La pili ni kushindilia gozi kwa nguvu ndani ya shimo dogo, ambako huleta maumivu makali na kuzuia usaha kutoka; gozi iwekwe kilegevu, kuzuia tu midomo ya kidonda isishikane. Antibayotiki zina kazi pale wekundu unaposambaa, homa inapopanda, au mgonjwa anapokuwa na kisukari au kinga dhaifu. Upasuaji wa kumaliza ugonjwa usifanywe siku ya jipu, kwa kuwa nyama imevimba na mipaka haionekani. Zaidi ya nusu ya waliotobolewa kwa mara ya kwanza hupona ndani ya wiki 10 hivi, na baadhi yao hawarudi tena hospitalini. Hawa wangekatwa sana mapema, wangekuwa wamelipia upasuaji wasiouhitaji.

Hata kwa wale ambao ugonjwa unarudi, kisu kikubwa si lazima. Madaktari wa hospitali ya jeshi ya Tripler, Hawaii, walichapisha mwaka 1994 matokeo yao ya kunyoa eneo hilo kila wiki, kulisafisha na kutoboa majipu kwa mkato wa pembeni. Waliohitaji kupasuliwa zaidi walikuwa wachache, na siku za kulazwa zikapungua mno. Kwa mwenye vitundu viwili vitatu na kijia kifupi, mpasuaji John Bascom wa Oregon, Marekani, alionyesha mwaka 1980 njia ndogo: kila kitundu cha katikati kinakatwa kivyake kwa kipande cha ngozi kisichozidi punje ya mchele, kisha mkato mmoja unafanywa pembeni kuingia kwenye kifuko na kutoa nywele. Kazi yote inafanyika kwa ganzi ya sindano, mgonjwa anakwenda nyumbani kwa miguu yake.

Leza, pamoja na fenoli (kemikali ya kuunguza kijia), inaingia katika kundi hili hili la tiba ndogo. Kitundu kinapanuliwa, nywele zinatolewa kwa kibrashi na koleo, kisha uzi wa leza unapitishwa ndani ya kijia kuunguza kuta zake ili zinywee na kuziba. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri ni tiba nzuri, maumivu ni machache na inaweza kurudiwa. Wanaoibeza kabisa wanakosea. Lakini tangazo linalosema bila upasuaji halisemi kweli yote, maana vitundu bado vinakatwa au kupanuliwa, na nywele zisipotolewa zote leza inaunguza kuta na kuacha chanzo. Zaidi ya hapo, leza haibadilishi umbo la mfereji. Mwenye mfereji wenye kina, aliyejaa nywele mgongoni na ambaye ugonjwa umeshamrudia mara mbili, ataingia na kutoka na mfereji ule ule. Huyo akiuziwa leza anauziwa tiba ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Upande wa pili, wanaotetea kukata kwa upana na kuacha kidonda wazi kipone kutoka chini kwenda juu, wana hoja inayostahili kusikilizwa. Njia hiyo inaweza kufanywa na daktari yeyote wa upasuaji, hata kwenye hospitali ya wilaya, na kidonda kilicho wazi hakifichi usaha. Ugonjwa hurudi mara chache kuliko unaposhonwa katikati. Gharama yake iko kwenye muda. Kidonda cha ukubwa huo huchukua wiki 8 hadi 12, wengine zaidi, na karibu kila siku kinasafishwa. Mtu wa Longido au Rombo anayepanda gari kwenda kufungwa kidonda mjini anatumia nauli na siku za kazi ambazo haziandikwi kwenye bili ya upasuaji. Asiyeweza kupata muuguzi karibu afundishwe yeye na ndugu yake: aoge kwa maji ya bomba yanayotiririka na sabuni ya kawaida, akaushe, aweke gozi safi kilegevu, na mtu amnyoe nywele kwa upana wa vidole viwili kuzunguka kidonda kila wiki, kwa sababu unywele mmoja ukilala ndani yake unatosha kukisimamisha. Nami ningechagua njia hii bila kusita pale ambapo hakuna anayejua kuhamisha ngozi ili mshono ukae pembeni. Kidonda wazi kilichotunzwa ni salama kuliko mshono mbaya.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kukata katikati na kushona hapo hapo katikati. Wanaoitetea husema ni rahisi, nyuzi zinatolewa baada ya wiki mbili, na mgonjwa anafurahi. Kwa wiki hizo mbili ni kweli. Tazama lakini kinachoachwa. Mshono umelala kwenye sakafu ya mfereji, penye jasho na bakteria. Chini yake kuna nafasi tupu iliyojaa damu na majimaji. Kila mgonjwa anapokaa, makalio mawili yanauvuta kila moja upande wake. Mshono ukifunguka, mgonjwa anarudi kwenye kidonda cha wazi, safari hii kikubwa kuliko cha mwanzo. Usipofunguka, kovu lake lenye mikunjo linakuwa mlango wa nywele mpya, na kwa miaka inayofuata idadi ya wanaorudi huzidi kupanda. Atakayehesabu mafanikio yake kwa miezi 6 tu hatawaona. Mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio ya njia hizi, yalihitimisha kwamba kidonda kikifungwa kwa nyuzi, kufungia nje ya mstari wa katikati kuwe ndiyo kawaida. Miaka mingi imepita tangu hapo. Urahisi wa daktari hautoshi tena kuwa sababu ya kumshona mgonjwa katikati.

Njia za kufungia pembeni ni tatu zinazotumika zaidi, na zote zinalenga jambo moja. Georgios Karydakis, mpasuaji wa jeshi la Ugiriki, alieleza yake mwaka 1973: ngozi inakatwa kwa umbo la yai refu lililosogezwa pembeni, ncha zote mbili za mkato zikiwa nje ya mstari wa katikati, ukingo wa upande wa katikati unachimbuliwa ukiwa na unene wa mafuta, kisha unavutwa kupita katikati na kushonwa kwenye utando ulio juu ya mfupa na kwenye ukingo wa pili. Kati ya wagonjwa wake zaidi ya 7,000, aliandika kwamba waliorudiwa walikuwa kama 1 kati ya 100. Bascom naye baadaye aliinua mfereji kwa kuondoa ngozi iliyoharibika tu na kuyaacha mafuta, akayasogeza makalio yakutane bila kuacha bonde. Njia ya Limberg inakata umbo la msambamba wenye pembe za digrii 60 na 120, na kuziba pengo kwa kipande cha ngozi na mafuta kilichogeuzwa kutoka kwenye kalio. Hii hufaa ugonjwa mpana, lakini huacha kovu kubwa na ganzi ya ngozi, na ikichorwa kama zamani, kona yake ya chini huangukia katikati na kuwa mahali pa kwanza pa kufunguka. Ndiyo maana sasa huchorwa ikiwa imesogezwa sentimita 1 hadi 2 pembeni.

Yanayoharibika katika upasuaji huu yanajulikana, na mengi huanzia kabla ya kisu. Mgonjwa akiwa bado hajafungwa plasta za kuvuta makalio, daktari achore mstari pale makalio yanapogusana, maana mshono unatakiwa ukae nje ya hapo. Plasta zilegezwe kabla ya kufunga, la sivyo ngozi inakadiriwa vibaya na nyuzi zinafungwa zikiwa zimekaza. Damu isimamishwe kikamilifu. Donge la damu chini ya kipande cha ngozi ndilo linaloleta usaha. Wengi huacha mrija wa kunyonya majimaji kwa siku moja hadi tatu nne. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Mgonjwa asikalie mshono moja kwa moja kwa wiki mbili hivi, na bodaboda au safari ndefu ya gari isubiri wiki 4 hadi 6. Sigara iachwe, na kisukari kirekebishwe kabla. Kwa dereva wa utalii hii ina maana ya kalenda: jipu halisubiri msimu, lakini upasuaji wa kuhamisha ngozi unaweza kupangwa Aprili na Mei wakati wa masika, badala ya kuingizwa kati ya Juni na Oktoba akarudi kwenye usukani nyuzi zikiwa bado mbichi.

Baada ya kupona, wembe usifanywe tiba ya maisha. Kunyoa kuzunguka kidonda kibichi ni sawa, ila kuendelea kunyoa kwa wembe miaka nenda rudi kumehusishwa na ugonjwa kurudi zaidi, pengine kwa sababu ya zile ncha kali. Cream ya kuondoa nywele inafaa ikijaribiwa kwanza kwenye mkono na isipakwe kwenye kidonda. Leza ya kuondoa nywele, ambayo ni tofauti na ile ya kuunguza kijia, ina manufaa, lakini ngozi nyeusi inahitaji aina ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064. Zinazotengenezwa kwa ngozi nyeupe huunguza yetu na kuacha madoa.

Kwa kuwa nchi imepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, wanaopanga vifurushi wahesabu gharama ya mgonjwa hadi anapopona, si bei ya siku moja ya chumba cha upasuaji. Kuhamisha ngozi hakudai mashine ya bei kubwa. Kunadai vifaa vya kawaida, ganzi ya mgongoni, mrija, na daktari aliyefundishwa. Mikoa miwili ya Arusha na Kilimanjaro ina hospitali za rufaa Mount Meru, Mawenzi na KCMC. Wapasuaji wachache waliofundishwa njia moja ya pembeni wakaifanya mara kwa mara wangetosha kwa ukanda mzima, kwa kuwa ugonjwa si wa kila siku. Na wapo wanaohitaji huduma hiyo kuliko wote: waliokatwa mara mbili au tatu, wenye kidonda cha katikati kilichogoma kwa miezi, wanaoambiwa kila kliniki waendelee kusafisha. Kidonda kisichosogea kwa miezi mitatu kimeshaonyesha kwamba tatizo si usafi wa mgonjwa. Kikaguliwe kama kina nywele ndani, kikatwe kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara hasa kikiwa na miaka mingi au kingo zilizovimba, kwani saratani hutokea humo ingawa ni nadra, na mgonjwa apewe rufaa kwa anayejua kuinua mfereji. Upasuaji huo uliwahi kutengenezwa kwa ajili yao hasa.